Glavu za tachi ni nini, na utajuaje zinazofaa bila kutoa hela nyingi

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane Tabora asubuhi kuna baridi ya kweli, ukiwa juu ya pikipiki saa kumi na mbili upepo unakupiga vidole mpaka vinakufa ganzi. Mi ni fundi simu, nakaa jirani na stendi, na kila kipupwe kikifika napata mteja wa aina ileile. Anapaki boda, ananinyooshea simu, "Fundi, tachi imekufa tangu jana." Naishika napangusa, inaenda vizuri tu. Namrudishia, anagusa yeye, kimya. Naangalia mkono wake naona kavaa glavu nzito za mtumba. Sasa wengine huwa wanaona aibu, na mi huwa nawaambia hamna aibu yoyote hapo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaelezea kioo cha simu kinafanyaje kazi. Hapa nataka nielezee vizuri hii kitu inayoitwa glavu za tachi, maana wauza maneno ni wengi na watu wanapigwa hela.

Watu wengi wanadhani kioo kinasikia kule kubonyezwa. Zamani zilikuwepo simu za hivyo, zile zilizokuwa zinakuja na kakalamu kake pembeni, ukibonyeza tabaka la juu linagusana na la chini simu inajua umebonyeza wapi, na zile ulikuwa unaweza kutumia ukucha, kijiti, glavu, chochote. Ila tangu iPhone ya kwanza ilipotoka 2007 mambo yakageuka, na simu karibu zote za kupangusa za leo zinatumia njia nyingine kabisa. Ndani ya kioo kuna tabaka jembamba sana la oksaidi ya indiamu na bati, linapitisha umeme lakini ni angavu huwezi kuliona, limechorwa mistari inayokatizana kama nyavu ya dagaa, na simu ikiwaka muda wote kuna umeme mdogo mno kwenye hiyo mistari. Mwili wa mtu una maji na chumvi kwa hiyo nao unapitisha umeme. Ukileta kidole, ule umeme wa pale kwenye kioo unabadilika kidogo, chipu inapima ni mistari gani imebadilika, inajua kidole kiko wapi. Nguvu ya kubonyeza haihusiki. Ndo maana hata ukibonyeza na ukucha peke yake kwa nguvu zote haikubali, lakini ukichukua kipande cha ndizi mbivu ukakishika kwa vidole na kukigusisha kwenye kioo, inakubali, kwa sababu ndizi ina maji na imeungana na mwili wako.

Basi glavu ya sufu au ya ngozi au ya pamba inafanya nini? Inaweka ukuta usiopitisha umeme kati ya ngozi yako na kioo, na inakiweka kidole mbali. Simu inaona kama hamna mtu.

Glavu ya tachi ni glavu ya kawaida kabisa ila kwenye ncha za vidole wamefuma uzi unaopitisha umeme. Mara nyingi ni nailoni iliyopakwa fedha, nyingine uzi wa shaba, nyingine nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu, na kuna za ngozi ambazo ncha yake imetiwa dawa ili ipitishe. Kazi ya huo uzi ni moja tu, kutoka kwenye ngozi yako ndani mpaka kwenye kioo nje bila kukatika. Hapo ndo pa kushika. Ukielewa hilo hata muuzaji akikuambia za elfu ishirini ndo orijino na za elfu tano ni feki, we unajua cha kuangalia, kwa sababu bei haiwezi kukuambia kama uzi umefika ndani.

Kuna kijana mmoja alikuja mwaka jana na jozi mpya kabisa, nyeusi, ncha za vidole zina doa la kijivu linang'aa, zinapendeza. Zilifanya kazi siku tatu zikaacha. Nikazigeuza ndani nje mbele yake. Ndani kulikuwa kweusi tupu, uzi hamna, lile doa lilikuwa rangi imepakwa juu tu, na pale kwenye kidole cha shahada ilishaanza kubanduka vipande vipande kama rangi ya kucha. Siku tatu za kwanza zilikuwa zinakubali kidogo kwa vile lile doa jipya lilikuwa na upana wa kutosha kukidanganya kioo, likichanika basi. Tangu siku hiyo kila mtu anayeniuliza namwambia cha kwanza geuza kidole ndani nje, pale kwa muuzaji, uone kama uzi wa rangi tofauti unaonekana pande zote mbili. Kama uko upande wa nje peke yake rudisha.

Alafu zijaribu kwenye simu yako mwenyewe, sio ya muuzaji, kwa sababu protekta yako inaweza kuwa nene kuliko yake na kila kioo kina usikivu wake. Na usijaribu kwa kupangusa picha tu, kupangusa ni rahisi hata glavu mbaya inafaulu. Fungua sehemu ya meseji uandike jina lako lote na namba ya simu kwa kidole gumba, maana watu wengi wanaandika kwa gumba na glavu nyingi za bei ndogo zimewekewa uzi kidole cha shahada tu. Ukiona unagusa A inakuja S, ncha ni kubwa kuliko kidole chako. Hili la saizi watu hawalipi uzito, ila ukweli ni kwamba glavu ikibaki na nafasi mbele ya kidole hata kama uzi ni wa fedha haikusaidii, ngozi haijaugusa uzi. Bora ikubane kidogo.

Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye setingi za simu. Simu kadhaa, zikiwemo baadhi ya Samsung, zina sehemu ya kuongeza usikivu wa kioo, imewekwa kwa ajili ya watu wenye protekta au glavu nyembamba. Ukiiwasha, glavu nyepesi za pamba zinaweza kukubali bila uzi wowote, na hujatoa hata mia. Kwa glavu nene haifui dafu.

Kuna mambo glavu ya tachi haiwezi hata iwe ya bei gani. Alama ya kidole haisomi, kwa sababu ile inatafuta mistari ya ngozi yako yenyewe, kwa hiyo weka patani au namba ya siri. Mvua pia, tone la maji kwenye kioo linapitisha umeme kama kidole, simu inachanganyikiwa, na glavu iliyolowa inagusa sehemu ambayo hujagusa. Ndugu zetu wa Kigoma wanaotoka ziwani alfajiri mikono imelowa hilo wanalijua vizuri. Na warina asali wetu wa huku wanaovaa zile glavu ndefu nene za ngozi, hao wamwachie mwenzao apige picha ya mzinga, unene ule siushauri kabisa kuuchezea, nyuki hawasubiri.

Kwa baridi ya Tabora jozi nyembamba inatosha, huna haja ya manyoya ndani. Mdogo wangu yuko Urusi anasoma, yeye habari yake ni nyingine, kule kipindi cha baridi inashuka mpaka chini ya sifuri nyuzi kumi na zaidi, na glavu nyembamba za tachi peke yake ni sawa na kutembea mikono mitupu. Anachofanya anavaa nyembamba za tachi ndani, juu anavalia nene, akitaka kujibu meseji anavua ile ya juu tu, anajibu haraka anairudisha. Na simu anaiweka mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, maana betri za lithiamu kwenye baridi kali zinalegea, inasoma asilimia thelathini ghafla inazima, ikipata joto inarudi. Mara ya kwanza ilipomtokea alinipigia kwa simu ya mwenzake akitaka kuagiza betri mpya, nikamwambia subiri ipate joto kwanza.

Kama hela ya kununua hamna unaweza kushona mwenyewe, mi nimeshona. Nilichukua glavu za mtumba za buku mbili, nikachukua waya wa spika za masikioni zilizokufa, nikapitisha kwenye ncha kwa sindano. Haikufanya kazi hata kidogo. Nikakaa nikaziangalia zile nyaya, moja nyekundu moja ya kijani, ndo nikakumbuka zimepakwa rangi ya kuzuia umeme ili zisigusane. Unatakiwa uzichome kidogo kwa kiberiti uikwangue ile rangi, au ufanye kama nilivyofanya baadaye, nilichuna waya wa chaja mbovu, zile nyuzi za shaba za ndani hazina rangi. Ukishazipata zisokote pamoja, shona duara dogo upana kama wa punje ya hindi, pitisha ndani na nje mara nyingi mpaka ukivaa uzisikie kwenye ngozi. Duara likiwa dogo sana kioo hakilioni. Ncha za waya zikunje ndani zisikuchome wala zisikwangue protekta.

Kuzifua ni kwa mkono, maji ya kawaida na sabuni kidogo, jiki usiweke maana inaua ule mpako wa fedha, dawa ya kulainisha nguo nayo inaacha utando juu ya uzi. Usizikamue kwa kuzisokota, bonyeza maji yatoke uzianike kivulini. Zangu za kushona zimemaliza kipupwe kimoja na sasa ziko kwenye cha pili, gumba la kushoto waya umeanza kukatika, kuna chaja mbovu hapa mezani nimeiweka pembeni kwa ajili hiyo.