Kwa nini kompyuta ndogo ya kujiundia hufanya kazi mezani, lakini ikiingia kwenye kasha inagoma?

Bodi, yaani kibao cha saketi, iko mezani, skrini imeunganishwa, betri inatoa umeme, programu zinafunguka bila shida. Kisha vyote vinaingizwa kwenye kasha lililochapishwa nyumbani kwa printa ya 3D na skrubu zinakazwa. Haichukui muda, mashine inakuwa nzito, alama ya radi inatokea kwenye kona ya skrini, au inajizima kabisa. Kilichoongezeka ni kasha tu. Je, wajua kwamba mara nyingi tatizo liko hapo hapo?

Wengi wanaounda kompyuta za namna hii hutumia Raspberry Pi, bodi ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Raspberry Pi 4 ina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, karibu sawa na kadi ya benki. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ikifanya kazi nzito hutoa joto la wati kadhaa. Mezani, hewa inalichukua joto hilo. Ndani ya kasha linakutana na plastiki, na plastiki hupitisha joto vibaya mno: alumini huipita PLA, uzi wa plastiki unaotumiwa sana kwenye printa za nyumbani, kwa zaidi ya mara elfu moja. Joto linajazana, na prosesa ikifika nyuzi 80 za Selsiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Huo ndio uzito unaouona.

PLA nayo huanza kulegea karibu na nyuzi 60, kwa hiyo vijiguzo vinavyobeba bodi vinaweza kupinda huku kompyuta ikiendelea kuwaka. Zipo nyuzi nyingine za plastiki: PETG hustahimili joto la hadi karibu 80, na ABS huvuka 100. Kwa kifaa cha kushika mkononi, mimi ningechagua PETG; ABS hujikunja ovyo wakati wa kuchapishwa na moshi wake si wa kuvuta.

Matundu ya hewa husaidia, mradi yasiwe mgongoni ambako kiganja kitayaziba. Yaweke mengine ukingo wa chini na mengine ukingo wa juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kuivuta ya baridi nyuma yake. Usikimbilie pia kutengeneza kasha zima la chuma: antena ya Wi-Fi imo kwenye bodi yenyewe, na chuma huziba mawimbi yake. Kipande cha alumini kilichogusa prosesa, mbali na pembe ya antena, kinatosha.

Na ile alama ya radi? Hiyo ni habari ya umeme. Bodi hii inataka volti 5, na zikishuka chini ya takriban 4.63 inatoa onyo na kupunguza kasi. Betri ya lithiamu hutoa volti 3.7 kwa wastani, hivyo kuna saketi ya kuzipandisha hadi 5. Sasa angalia waya. Ili kasha lifunge, mtu huchagua waya mwembamba unaopinda kirahisi. Tuseme ukinzani wake ni omu 0.15. Bodi ikivuta ampea 3, volti 0.45 zinapotelea njiani, na zinazofika ni 4.55. Betri imejaa, lakini bodi ina njaa. Waya mnene na mfupi unamaliza tatizo hilo, na ndiyo sababu nafasi ya waya inapaswa kuchorwa mapema kama inavyochorwa nafasi ya bodi.

Betri yenyewe ndiyo ningeanza nayo kwenye mchoro, kwa kuwa ndiyo nzito na ndiyo ya hatari. Iweke mbali na prosesa. Kuichaji ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 kunaifupishia maisha. Iachie nafasi kidogo, maana lithiamu ikichakaa huweza kuvimba, na skrubu yoyote isiwe na ncha inayoielekea. Betri iliyotobolewa huweza kulipuka moto.

Limebaki suala la vipimo. Printa humwaga plastiki tabaka juu ya tabaka, kwa kawaida milimita 0.2 kila moja, na tundu hutoka dogo kuliko lilivyochorwa. Matundu ya bodi ni ya skrubu za M2.5, yaani zenye kipenyo cha milimita 2.5; ukichora milimita 2.5 kamili, skrubu itagoma kupita. Ongeza 0.2 au 0.3. Kijiguzo kilichochapishwa wima nacho hukatika kirahisi kati ya tabaka mbili pale skrubu inapokazwa, kwa hiyo kinenepeshe shinani, au upachike ndani yake nati ya shaba kwa ncha ya pasi ya kulehemu. Kabla ya kuchapisha kasha lote, kazi ya saa nyingi, chapisha kwanza kipande chembamba chenye matundu manne na nafasi za soketi tu, kisha weka bodi juu yake uone kama vinalingana.