Hofu ya Kupoteza Kazi, Uzito na Presha: Maswali na Majibu

Hofu ya ajira ni nini?
Ni hali ya mtu aliye kazini lakini hajui kama mkataba wake utaendelea. Aliyekwisha kuachishwa kazi ana shida yake. Hapa mimi, mhudumu wa afya, namzungumzia anayesubiri.

Je, si kweli kwamba mawazo hukondesha?
Huwakondesha baadhi, na ndiyo maana wengi wanaponenepa katika kipindi kigumu huambiwa kuwa mambo yao yamenyooka. Wachumi Smith, Stoddard na Barnes, katika utafiti wao wa mwaka 2009 kuhusu wanaume wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 12, walikuta kwamba uwezekano wa kupoteza kazi ulipopanda kwa pointi 1 ya asilimia (mathalani kutoka asilimia 5 hadi 6), uzito uliongezeka kwa takriban robo kilo, na kila kipato cha mwaka kilipoanguka kwa nusu, uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Wanakisia kwamba mwili usio na hakika ya kesho hujiwekea akiba ya mafuta, kama wanyama wanavyofanya chakula kisipotabirika. Ongeza hapo usingizi wa mang'amung'amu na chakula cha haraka kinacholiwa usiku. Kitambi cha namna hiyo si dalili ya neema, na naomba ndugu na majirani waache kukisifu.

Je, madhara huanza kazi ikishapotea?
Huanza kabla. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 na kuhusisha watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London, ulionyesha kwamba wafanyakazi wa idara iliyokuwa ikisubiri kubinafsishwa walianza kueleza kuwa afya yao imezorota wakati bado wanapokea mshahara.

Basi nisubiri ajira itulie ndipo nipime presha?
Hapana. “Nasubiri ajira itulie” ndilo jibu ninalolisikia kila wiki kutoka kwa watu wenye mkanda uliosogezwa matundu matatu, na ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu shinikizo la damu la 140/90 au zaidi kwa kawaida halimpi mtu dalili yoyote. Halisubiri mkataba usainiwe.

Hata miezi mitatu tu?
Hapana. Nimewapokea waliosema hivyo wakiwa wameshikiliwa na ndugu zao, upande mmoja wa mwili umepooza. Huko Pennsylvania, jimbo la Marekani, wachumi Sullivan na von Wachter waligundua kwamba wanaume waliopoteza kazi walizozishikilia kwa muda mrefu walikabiliwa na viwango vya vifo vilivyopanda kwa asilimia 50 hadi 100 katika mwaka uliofuata. Ukingoja pigo lije ndipo upime, umechelewa.

Nami ninayetumia dawa za presha, je, naweza kuziacha kidogo ili kubana matumizi?
Hapana, kwa mara ya tatu hapana. Mwambie mhudumu kwamba fedha ni tatizo, naye atatafuta dawa ya bei nafuu zaidi; kunyamaza na kumeza kidonge siku moja na kuruka mbili ni kujiandalia kiharusi.

Mwajiri akijua ninaumwa atanipunguza kwanza. Nifanyeje?
Hofu hiyo naielewa, lakini majibu ya vipimo ni siri kati yako na anayekuhudumia. Fika katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani badala ya kazini, upime presha, sukari na mzunguko wa kiuno, ambao ukizidi sentimita 102 kwa mwanamume au 88 kwa mwanamke unaashiria hatari kubwa, kisha usiondoke kabla ya kuandikiwa tarehe ya kurudi.