Je, wajua kwa nini faili za pamoja hukwama nyuma ya ukuta wa moto (firewall)?

Kompyuta tatu zimeunganishwa na seva moja kwa NFS, mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao. Zote zinaona folda ileile, zinasoma na kuandika. Lakini programu ikijaribu kuifungia faili kufuli ili mwingine asiiguse, inaganda. Ukipima mlango (port) wa 2049, ambao NFS hutumia, uko wazi. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye swali la nani anaanza kusema. Ukuta wa moto hukumbuka mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani na kuyapitisha majibu yake, lakini pakiti (kifurushi cha data) inayoingia kutoka nje kuanzisha mazungumzo mapya huizuia. Kwa kurasa za wavuti hilo halidhuru, kwa sababu kivinjari ndicho kinachouliza kila mara. Faili zinazotumiwa na wengi ni jambo jingine: mara nyingine seva ndiyo yenye habari, na lazima imtafute mteja, yaani kompyuta inayotumia faili zake.

Toleo la 3 la NFS, lililochapishwa mwaka 1995, ndilo lenye usumbufu mkubwa. Kazi zake zimegawanywa kwa huduma kadhaa. Mteja hubisha kwanza mlango wa 111 kuuliza huduma nyingine zinapatikana wapi, kisha mountd humruhusu kuunganisha folda, nfsd humhudumia kwenye 2049, na lockd na statd hushughulikia kufuli. Milango ya hizo huduma nyingine isipopangwa, inaweza kubadilika kila seva inapowashwa, na sheria iliyofaa jana ikashindwa leo.

Sasa kuhusu kuganda. Mteja akiomba kufuli iliyoshikwa na mwenzake, seva humwambia asubiri. Kufuli ikiachiwa, seva hufungua mazungumzo mapya kwenda kwa lockd ya mteja. Ukuta wa upande wa mteja ukiyazuia, mteja anaendelea kungoja habari iliyokwisha kutumwa. Kibaya zaidi ni seva inapozimika na kuwaka tena: statd huwaarifu wateja wadai upya kufuli zao, na asiyefikiwa huendelea kuandika akiamini faili ni yake peke yake. Hapo data huharibika kimyakimya.

Ukilazimika kubaki na toleo la 3, zipe huduma hizo milango ya kudumu kwenye faili ya mipangilio /etc/nfs.conf: kwa mfano 20048 kwa mountd, 32765 kwa statd, na 32803 kwa lockd. Fanya hivyo kwenye seva na kwa wateja, kisha fungua milango hiyo pande zote mbili, bila kusahau 111. Hakikisha kwa amri ya rpcinfo -p, inayoorodhesha huduma na milango yake.

Lakini dawa halisi ni kuhama. Toleo la 4.0 liliingiza kufuli ndani ya itifaki (kanuni za mawasiliano) yenyewe na kutosheka na TCP 2049, ingawa bado seva ilihitaji kumpigia mteja inapotaka kumnyang'anya faili aliyokabidhiwa. Toleo la 4.1, la mwaka 2010, lilimaliza hata hilo: ujumbe wa seva hurudi kupitia muunganisho uleule aliouanzisha mteja. Kwenye Linux:

mount -t nfs4 -o vers=4.2 seva:/data /mnt/data

Si kila kuchelewa ni kosa la ukuta. Mteja wa Linux huhifadhi sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60, basi mabadiliko ya mwenzako kuonekana baada ya nusu dakika ni kawaida. Mwandishi afunge faili kwanza, msomaji aifungue upya.

Usiuweke wazi mlango wa 2049 kwa intaneti nzima. Kwa chaguo-msingi, sec=sys, seva huamini namba ya mtumiaji iliyotajwa na mteja, na data husafiri bila kufichwa. Tumia sec=krb5p, inayothibitisha mtumiaji kwa Kerberos na kuficha data, au pitisha kila kitu ndani ya WireGuard, njia ya siri ya mtandao (VPN) inayohitaji mlango mmoja tu wa UDP. Mteja akiwa nyuma ya NAT, yaani ruta inayowashirikisha wengi anwani moja, weka PersistentKeepalive = 25 ili njia isisahauliwe.

Ndani ya njia hiyo kuna mtego mmoja: ls inajibu, faili ndogo zinafunguka, lakini kunakili faili kubwa kunakwama. Hizo ni pakiti zilizozidi ukubwa unaopita, huku ICMP, ujumbe wa mtandao unaotoa taarifa hiyo, ikiwa imezuiwa. Jaribu ping -M do -s 1392 seva. Isipojibu, ilhali namba ndogo zaidi inajibu, punguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WireGuard chini ya 1420.