Kila Mtu na Namba Yake

Kwa wanafunzi wetu wengi, pushapu ni adhabu. Umechelewa mstarini? Piga ishirini. Umepiga kelele darasani? Ruka kichura mpaka kwenye mlingoti. Ndiyo maana nikiwaambia Kidato cha Pili kwamba leo tunapiga pushapu, hakosi mmoja wa nyuma wa kuuliza: "Mwalimu, kwani tumefanya nini?"

Mazoezi ya mzunguko, yaani kupita kituo hadi kituo na kila kituo kina zoezi lake, nayaanzia hapohapo. Adhabu ni ishirini kwa wote: mwenye nguvu anamaliza anacheka, mwingine anaangukia ya saba. Mazoezi yanataka kwanza tujue wewe unaweza ngapi.

Njia hii si yangu. R. E. Morgan na G. T. Adamson waliibuni Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1953. Kiini chake ni hiki: mtu anapimwa uwezo wake kwenye kila kituo, halafu anafanya nusu ya uwezo huo, mizunguko mitatu, huku akijitahidi kupunguza muda. Mimi naweka vituo vinane chini ya mwarobaini. Kuna pushapu, kuruka kamba, kupanda na kushuka benchi, kunyanyua chupa za lita moja na nusu zilizojaa mchanga, na vingine. Wiki ya kwanza tunapima tu, dakika moja kila kituo, na namba zinaingia kwenye daftari.

Aliyefikisha pushapu 16 atafanya 8. Aliyefikisha 6 atafanya 3, na kwake 3 ni mzigo uleule. Wavulana hili wanalikubali kwa shida sana. Kuna waliowahi kunidanganya namba siku ya kupima ili wasichekwe, na mzunguko wa pili ukawaumbua wenyewe.

Mwaka wa kwanza niliharibu mpangilio. Baada ya pushapu niliweka kituo cha kujishusha na kujiinua kwa mikono kwenye benchi, kikafuatiwa na chupa. Mikono ikafa, moyo haujafanya kazi yoyote ya maana. Siku hizi ni mikono, miguu, tumbo, kisha tunarudi mikono.

Kinachonichukulia muda mrefu zaidi ni kuongeza mzigo. Ukiwauliza mwili ukishazoea tuongeze nini, darasa zima linajibu: idadi! Sawa, lakini unaweza pia kupunguza mapumziko, kuongeza mchanga au kuongeza mzunguko. Nawataka wachague kimoja tu na waandike sababu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, wiki ijayo hutajua kilichokuchosha ni kipi. Na namba zikipanda haraka wiki za mwanzo, nawaambia wasikimbilie kwenye kioo kutafuta misuli. Hapo ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamrisha vizuri misuli iliyopo.

Ukali wa zoezi tunaupima kwa mapigo ya moyo. Vidole viwili shingoni, si dole gumba, maana lina mapigo yake yatakayokuchanganya. Hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Kwa mwenye miaka 15, 220 toa 15 ni 205, na asilimia 60 hadi 80 yake ni 123 hadi 164. Kwa sekunde 10 ni kama 21 hadi 27. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kumnasa mtu. Kuna kijana alikuja anahema, uso umelowa, nikamhesabu mwenyewe: 13. Jasho lile lilikuwa maji ya chupa.

Umahususi, yaani kuchagua mazoezi yanayolingana na mchezo wako, hawahitaji kufundishwa sana. Msichana anayecheza netiboli aliniuliza pushapu zitamsaidiaje kuruka. Nikampa karatasi apange mzunguko wake mwenyewe. Akaweka vituo vitatu vya miguu, kimoja cha pushapu akakibakiza kwa ajili ya pasi ya kifuani.

Likizo ya Juni nayo inafundisha bila mimi. Tukirudi Julai tunapima upya. Mwanafunzi mmoja aliondoka na pushapu 22, akarudi na 15. Akaikodolea macho ile namba, akaniuliza kama anaweza kuendelea na 22 yake ya zamani. Nikamwambia agawe 15 kwa mbili. Akafikiri kidogo, akaandika 8.