Teligeti Arrowhead: pika kwa kuhesabu saa kurudi nyuma

Mgeni anayefika mara ya kwanza kwenye maegesho ya uwanja wa Arrowhead, hapa Kansas City, Marekani, hudhani ameingia mnadani. Moshi umetanda tangu getini, buti za magari ziko wazi, watu wamejaa kwenye viti vya kukunja, watoto wanarushiana mpira katikati ya magari. Mechi yenyewe bado saa nzima tatu au nne. Hiyo ndiyo teligeti, na jina limetokana na ule mlango wa nyuma wa pikapu unaoshushwa ukageuka meza.

Kazi yangu ni kupikia watu kwenye sherehe, na tangu nihamie huku, msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ukianza Septemba huwa najua Jumapili zangu zitaishia wapi. Nilichojifunza ni kwamba teligeti huharibikia kwenye saa, hata viungo viwe vizuri namna gani. Mwaka wangu wa kwanza niliwasha mkaa saa 4 kwa mechi ya saa 6 mchana. Watu walipoanza kuelekea getini, nyama ya mbuzi ilikuwa bado nyekundu mfupani. Wageni 12 waliingia uwanjani wameshindia krispi za pakiti. Iliniuma sana, maana niliwaalika mimi.

Tangu siku hiyo naanza na saa ya mechi halafu narudi nyuma. Mechi ikiwa saa 6, saa 5 jiko halipokei tena kipande chochote. Watu wanakula kuanzia saa 4. Nyama inapanda wavuni saa 3, kwa hiyo mkaa uwe umewashwa saa 2 na nusu, na mimi niwe nimeshaegesha kabla ya hapo. Tiketi ya maegesho nunua mapema. Usiisubiri siku yenyewe.

Mkaa usiuharakishe. Uache mpaka uvae majivu ya kijivu, kisha weka kiganja shubiri moja juu ya wavu: ukishindwa kufika nne katika kuhesabu, moto uko tayari. Makaa yasukume upande mmoja. Upande wa moto mkali unaipa nyama rangi, upande wa pili unaiivisha taratibu bila kuiunguza.

Mishkaki naikata nyumbani usiku, nyama ya paja la ng'ombe, vipande visivyozidi ncha ya kidole gumba. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, pilipili manga. Papai bichi lililosagwa natia asubuhi tu, kijiko kimoja kwa kilo. Ukililaza usiku kucha linavunja nyama mpaka inakuwa laini kama maandazi yaliyolowa, na haishiki tena kwenye kijiti. Mbuzi naipika kabisa nyumbani, naipoza kwenye friji, halafu mkaani inapata moshi na joto tu. Usipike nusu kwa matumaini ya kumalizia uwanjani. Nyama iliyoiva nusu ikikaa njiani ndiyo inayolaza watu. Kachumbari nabeba imekatwa, chumvi natia wakati wa kupakua, vinginevyo inaogelea. Chapati zinakaa ndani ya hotpoti, na hazijawahi kuniangusha.

Madeli yawe mawili: moja la nyama, moja la vinywaji. La vinywaji hufunguliwa kila dakika na barafu yake inakwisha upesi. La nyama libaki chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku za joto la zaidi ya nyuzi 32, ambazo Septemba huku zipo, saa 1 tu. Kuku afike nyuzi 74 ndani. Nunua kipimajoto, usimkisie kwa macho.

Januari mambo yanageuka. Tarehe 13 Januari 2024, Chiefs, timu yetu ya hapa, walipocheza na Miami Dolphins, joto lilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Soda nilizoziacha nje ziliganda, zile za ndani ya deli zikasalimika, kwa sababu deli linazuia baridi kuingia kama linavyozuia joto. Siku hiyo supu ya mbuzi kwenye chupa za chai ilishinda kila kilichokuwa wavuni. Baridi ya namna hiyo inamshawishi mtu kuingiza jiko ndani ya hema au kukaa nalo garini. Usithubutu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na inaua.

Halafu kuna majirani. Kansas City ni mji wa nyama: wanachoma kidari cha ng'ombe kwa moshi wa saa nyingi, na zile ncha zake zilizoungua kingo zinawaniwa kweli. Pelekeni mishkaki kwa gari la pembeni kabla hamjaanza kula. Sijawahi kurudi na sahani tupu.

Saa 5 na nusu mabegi yanabaki garini, kwa kuwa NFL tangu 2013 hairuhusu mabegi makubwa yasiyoonyesha ndani. Makaa naenda kuyamwaga kwenye mapipa yake maalumu. Chini ya gari hayaachwi hata yakionekana yamezimika. Na ufunguo anakaa nao yule ambaye hatakunywa, tumemtaja tangu asubuhi, na mbavu ya mwisho ya mbuzi huwa namtunzia yeye.