Video ya kuba: uhuishaji wa planetari hutengenezwaje?

Video ya kuba ni uhuishaji wa kompyuta unaotengenezwa ili ujaze dari lote la planetari (ukumbi wa kuonyeshea anga, wenye dari la mviringo liitwalo kuba), kutoka upeo wa macho hadi utosini. Projekta ya kwanza ya planetari, ile ya Zeiss iliyoonyeshwa Munich mwaka 1923, ilitupa vidoa vya nyota jinsi anga linavyoonekana tukiwa duniani. Kuipeleka hadhira kwenye pete za Zohali kulihitaji kompyuta. Digistar, mfumo wa projekta unaoendeshwa na kompyuta, ilifungua njia hiyo mwaka 1983, na video ya rangi inayofunika kuba zima ikaja mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ukifungua faili lenyewe utakuta msururu wa picha za mraba, kila moja ikiwa na duara ndani yake na pembe nne nyeusi. Kitovu cha duara ndicho utosi wa kuba, ukingo ndio upeo wa macho. Chombo cha angani ukikiweka katikati ya kitovu na ukingo, kitaelea nyuzi 45 juu ya watazamaji. Sehemu ya chini ya duara ndiyo iliyo mbele yao, kwa hiyo jambo kuu huwekwa huko, la sivyo watu watatoka na shingo zinazouma. Kwenye skrini ya kawaida ukuta ulionyooka unaonekana umepinda, kubani hunyooka.

Kamera ya namna hii, yenye lenzi ya jicho la samaki, imo hata ndani ya Blender, programu ya bure. Kazi iko kwenye kurenda, yaani kompyuta kuchora kila picha. Picha ya 4096 kwa 4096 ina pikseli kama milioni 16.8, mara nane ya HD. Kwa fremu 30 kwa sekunde, onyesho la dakika 25 ni picha 45,000.

Zaidi ya hapo, mazoea mengi ya sinema hayafai. Kamera ikigeuka kwa kasi, watu hupata kichefuchefu, maana hakuna ukingo wa skrini wa kushikiza macho. Mandhari nyeupe ni mbaya zaidi: mwanga huruka kutoka upande mmoja wa kuba hadi mwingine na kufifisha picha yote. Miwani ya uhalisia pepe husaidia kukagua mwendo na mpangilio, ila kasoro hiyo ya mwanga haionyeshi. Hiyo utaiona ndani ya kuba lenyewe tu.