Jeki ya tani mbili haikupi ruhusa ya kulala chini ya gari

Wateja wengi huniuliza namna ya kumwaga oili au kubadilisha pedi za breki wenyewe nyumbani, na mimi huwaelekeza bila choyo. Nikifika tu kwenye habari ya stendi, ile miguu ya chuma inayowekwa chini ya gari lililoinuliwa, wananikatiza: "Fundi, jeki yangu ni ya tani mbili, gari halifiki hata tani moja na nusu. Halafu naingia dakika moja tu." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

"Jeki imeshabeba gari, stendi ya nini?"

Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndiyo ya kushikilia. Zile tani zilizobandikwa ubavuni mwa jeki zinakwambia inaweza kuinua mzigo gani, basi. Hazisemi itakaa nao kwa muda gani, wala hazisemi mtu alale chini yake.

Jeki ya oili, iwe ya chupa au ile ndefu ya magurudumu, inalibeba gari lako juu ya oili iliyobanwa. Kinachoizuia oili hiyo isirudi ilikotoka ni sili za mpira na vali yenye gololi ndogo iliyokaa kwenye kitundu chake. Chembe ya uchafu ikinasa pale kati ya gololi na kitundu, oili inapenya na gari linaanza kushuka. Hapo ndipo mtu anaponiambia, "Lakini yangu haivuji." Haivuji nje! Oili inarudi kwenye tangi la jeki yenyewe, tone moja halidondoki sakafuni. Jeki kavu, safi, mpya kabisa, inaweza kushuka huku unaitazama. Na sili ikiachia, haipigi hodi.

Wenye jeki ya mkasi nao husema yao haina oili, kwa hiyo wao hawahusiki. Geuza ile iliyokuja na gari uangalie kitako chake: hakizidi sana kiganja cha mkono. Imetengenezwa ya kubadilishia tairi njiani, na kitabu cha gari kinakataza waziwazi kuingia chini ukiitegemea. Gari likisogea kidogo tu mbele au nyuma, jeki inalala.

Sasa hiyo dakika moja. Unaingia chini kufanya nini? Kufungua nati iliyoshika kutu, kwa spana ndefu, kwa nguvu zako zote. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayolisukuma gari litoke juu ya jeki. Kati ya saa zote ambazo gari litakaa juu, hiyo dakika yako ndiyo ya hatari kuliko zote.

"Likianza kushuka nitachomoka." Utachomokea wapi? Magari mengi madogo yana nafasi ya kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, na hapo yana magurudumu yote manne. Kifua cha mtu mzima aliyelala chali kinazidi sentimita 20. Toa tairi moja, kisha piga hesabu upya. Wala si lazima mbavu zivunjike: kifua kikikosa nafasi ya kutanuka, hewa haiingii, na ubongo unaanza kudhurika ndani ya dakika chache. Aliyebanwa hivyo hana pumzi ya kuita mtu.

Kwa hiyo weka stendi mbili, chini ya chesisi au sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Shusha jeki polepole mpaka uzito wote ukae juu ya stendi, kisha ipandishe tena iguse tu, iwe akiba. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ukingo wa mlango. Halafu, kabla hujainama, simama pembeni ulisukume gari kwa nguvu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kama ni la kuanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama. Vijana gereji hunicheka kwa kutikisa kila gari. Wacheke.

"Nina stendi, nimemaliza"

Umeanza. Angalia kwanza zile tani: kwenye stendi nyingi, namba iliyoandikwa ni ya stendi mbili kwa pamoja, si ya kila moja. Kisha angalia meno, yale yanayozuia nguzo ya stendi isishuke. Mwaka 2020 zaidi ya stendi milioni moja za tani 3 na tani 6 zilizouzwa Marekani zilitakiwa zirudishwe, kwa sababu meno yake yangeweza kuachia ghafla yakiwa na mzigo. Mimi napendelea zile zenye pini nene inayopita katikati ya nguzo. Za meno nazo ni sawa, mradi uinue nguzo yake, uisikie ikikaa, na uone kwa macho kwamba jino limeshika hadi mwisho.

"Bloku za saruji zinabeba nyumba, zitashindwa gari?"

Ukutani uzito unaenea juu ya bloku nzima. Chini ya gari unakaa kwenye kipande cha chuma chembamba, na saruji haipindi kwanza ikakuonya, inapasuka. Tofali la kuchoma ni hivyohivyo.

"Hendibreki nimevuta, halitembei"

Kwenye magari mengi hendibreki inakamata magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, umeyatoa chini magurudumu yaliyokuwa yakizuia. Land Rover za zamani zina utundu zaidi: hendibreki yake inakamata propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu, yaani gia zinazoyaachia magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, inaliruhusu lizunguke na gari linaondoka. Tia gia, au P kama ni otomatiki, na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Jiwe la duara si kabari.

"Popote penye chuma pananyanyulika"

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni chuma au aluminiamu, na itabonyea au kupasuka. Sakafu ya gari ni bati. Chini ya milango, kwenye ukingo, magari mengi madogo yana alama mbili kila upande. Jeki inakaa hapo.

"Sakafu ni ngumu, haina shida"

Ngumu na tambarare, sawa. Ila jeki ya magurudumu haipandi wima. Mkono wake unakwenda kwa mzunguko kadiri unavyoinuka, kwa hiyo lazima jeki yenyewe iviringike kidogo chini ya gari. Ikikwama kwenye kokoto au ufa, kichwa chake ndicho kinachoteleza kutoka pale ulipokiweka. Na lami kwenye jua kali inalainika, miguu ya stendi inazama upande mmoja. Weka ubao mnene chini ya stendi.

"Nati nitalegeza gari likiwa juu"

Hapana. Zilegeze kidogo tairi likiwa bado limekanyaga chini, ndipo uinue. Wakati wa kufunga, zikaze kwa mkono gari likiwa juu, lishushe, kisha ndiyo uweke nguvu, kwa kuvuka upande hadi upande.